Makato ya mkulima yaandikwe kwa mtindo mmoja

Msimu mmoja baada ya malipo ya tumbaku, nilikaa kwenye benchi nje ya ghala la chama kimoja cha msingi mkoani Tabora nikiwa na wakulima wawili, ndugu wa baba mmoja. Kaka ni mwanachama wa chama hicho. Mdogo wake alihamia wilaya ya jirani na anauza tumbaku yake kupitia chama kingine. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya malipo.

“Wewe mwanangu si umesomea mambo haya?” kaka aliniuliza. “Basi tuambie, kati yangu na huyu mdogo wangu, nani amelima kwa gharama nafuu?”

Nilichukua kikokotoo nikaanza kazi. Baada ya saa nzima ilibidi nimwambie mzee kwamba sijui. Kuzidisha na kutoa hakukunishinda. Kilichonishinda ni zile karatasi mbili, ambazo hazikuwa zikizungumza lugha moja.

Naomba nieleze kwa mfano. Namba zifuatazo ni za kufikirika, lakini sura ya karatasi ndiyo hiyo. Tuseme kila mmoja aliuza kilo 1,000. Karatasi ya kaka imeandikwa kwa dola: mauzo dola 2,200, pembejeo dola 640, makato mengine dola 130, baki dola 1,430. Mistari minne, basi.

Karatasi ya mdogo imeandikwa kwa shilingi: mauzo Sh 5,300,000. Mbolea Sh 1,080,000, mbegu na dawa Sh 140,000, vifungashio Sh 95,000, usafiri wa pembejeo Sh 85,000, riba Sh 160,000, ushuru wa chama Sh 110,000. Jumla ya makato Sh 1,670,000, baki Sh 3,630,000.

Tukibadili dola za kaka kwa Sh 2,500, mauzo yake ni Sh 5,500,000, makato Sh 1,925,000, baki Sh 3,575,000. Kwa hiyo kaka aliuza kwa Sh 200,000 zaidi, maana tumbaku yake ilipata madaraja mazuri, lakini alirudi nyumbani na Sh 55,000 pungufu ya mdogo wake. Kila kilo yake moja ilibeba makato ya Sh 1,925, na ya mdogo ilibeba Sh 1,670. Tofauti ni Sh 255 kwa kilo.

Swali la kujiuliza ni je, Sh 255 hizo zimetoka wapi? Ni mbolea ya bei kubwa? Ni riba? Ni mifuko mingi kuliko iliyohitajika? Ni ushuru wa chama? Karatasi ya kaka haisemi. Neno “pembejeo” limemeza kila kitu, na “makato mengine” yamemeza kilichobaki. Kisha mdogo akakumbuka kwamba usafiri wa marobota yake alilipa taslimu, na haumo kabisa kwenye karatasi. Hapo hata ile tofauti ya Sh 255 tukawa hatuna uhakika nayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wakulima wa magharibi mwa Tanzania ningeongeza kwamba daftari wanalo, tena wanalo jingi. Tatizo ni kwamba kila chama, kila msambazaji na kila mnunuzi ana daftari la namna yake, na mkulima hawezi kulinganisha moja na jingine. Asiyeweza kulinganisha hawezi kupunguza gharama. Anaweza kulalamika tu.

Hoja yangu leo ni moja. Kabla ya kugombana juu ya ukubwa wa makato, tukubaliane kwanza namna ya kuyaandika. Karatasi ya malipo ya mkulima, awe Sikonge, Kaliua, Urambo au Uyui, iwe na safu zilezile, majina yaleyale na vipimo vilevile.

Tabora si mgeni wa tatizo hili. Katika karne ya 19, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, Stanley alipopita mwaka 1871, na Livingstone alipokaa Kwihara mwaka 1872, wote walikuta biashara kubwa isiyo na sarafu moja. Gharama za safari zililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba.

Kitambaa cha merikani au kaniki kilihesabiwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Mkono wenyewe ulipimwa kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila mtu alikuwa na mkono wake. Shanga zilizopendwa sehemu moja zilikataliwa mbele ya safari. Ugogoni msafara ulitozwa hongo, na kiasi chake kilitegemea mazungumzo ya siku ile na mtawala wa pale. Mfanyabiashara aliyetoka pwani aliweza kujua amebeba doti ngapi, lakini gharama ya frasila moja ya pembe za ndovu hakuijua mpaka amerudi.

Hali hiyo iliwanufaisha wenye mtaji mkubwa, waliokuwa na mawakala njiani na uzoefu wa miaka mingi. Mdogo aliyebahatisha safari moja ndiye aliyeumia. Gharama isiyosomeka daima humwelemea mdogo kuliko mkubwa.

Kilichobadilisha mambo ni kipimo cha pamoja. Chini ya utawala wa Kijerumani, rupia iliacha kugawanywa kwa pesa 64 mwaka 1904 ikagawanywa kwa heller 100, na ndiko tulikopata neno letu “hela”. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, mzigo ukaanza kulipiwa kwa uzito na umbali unaojulikana. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Wajerumani walikatiwa njia ya bahari wakapiga sarafu zao hapahapa Tabora, zikiwamo za heller 20 na za dhahabu za rupia 15. Sitaki kusifia ukoloni. Ninachosema ni kwamba hata serikali iliyokaribia kushindwa vita ilijua biashara haiendi bila kipimo ambacho muuzaji na mnunuzi wanakisoma kwa namna moja.

Siku hizi tunayo mifano iliyo karibu zaidi. Risiti ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, ina sura inayofahamika uwe Nzega au Kigoma: jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe, bidhaa, kodi, jumla. Ukinunua umeme wa LUKU, unaona uniti ulizopata, VAT, tozo ya EWURA, tozo ya REA, na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo. Mtu anaweza kuchukia makato hayo, lakini anayaona, kila moja kwa jina lake. Ndiyo maana kodi ya jengo ilipoingizwa kwenye LUKU, nchi nzima ilijadili jambo hilo kwa kutumia namba. Ingekuwa imefichwa ndani ya “makato mengine”, mjadala ungekuwa wa kunong’ona.

Msomaji asidhani kuwa tatizo hili ni la watu wa jembe peke yao. Kampuni kubwa duniani siku hizi hazinunui kompyuta zote zinazozihitaji. Hukodi nguvu za kompyuta na nafasi ya kutunza kumbukumbu kwa njia ya intaneti, kutoka kwa wakodishaji kama Amazon, Microsoft na Google. Huduma hiyo huitwa kompyuta ya wingu. Ankara ya mwezi mmoja ya mteja mkubwa inaweza kuwa na mistari mamilioni, na kila mkodishaji alikuwa na majina yake, vipimo vyake na namna yake ya kuonyesha punguzo. Mteja mwenye wakodishaji watatu alikuwa na ankara tatu zisizolinganishika. Kwa maneno mengine, alikuwa kwenye benchi lile pamoja nasi.

Wateja hao walifanya nini? Kupitia taasisi iitwayo FinOps Foundation, walikaa meza moja na wakodishaji wenyewe wakaandika kanuni ya pamoja ya ankara, inayojulikana kama FOCUS. Toleo lake kamili la kwanza lilitoka Juni 2024. Kanuni hiyo haipangi bei ya mtu. Inapanga majina ya safu na maana ya kila safu. Inataka, kwa mfano, gharama ileile ionyeshwe kwa sura nne: kwa bei ya kawaida iliyotangazwa, kwa bei ya makubaliano, kwa kiasi kilichotozwa kwenye ankara, na kwa gharama halisi baada ya kuhesabu mapunguzo na malipo yaliyotangulizwa. Inataka pia matumizi, kodi na marekebisho yasichanganywe katika fungu moja.

Kama wenye kompyuta na wahasibu wa kila aina waliona hawawezi kudhibiti gharama bila karatasi ya namna moja, itakuwaje kwa mkulima wa heka mbili?

Basi karatasi ya Tabora iwe na nini? Napendekeza mambo sita.

Kwanza, orodha moja ya majina ya gharama. Mbegu, mbolea kwa aina yake, dawa, vifungashio, nishati ya kukaushia, usafiri wa pembejeo, usafiri wa marobota, bima, riba, ushuru wa chama. “Mengineyo” yaruhusiwe, lakini kila kilichomo kiandikwe pembeni.

Pili, idadi na kipimo. Kuandika “mbolea Sh 1,080,000” hakutoshi. Mifuko mingapi ya NPK, mingapi ya CAN, ya kilo ngapi? Bila idadi, mkulima hawezi kujua kama alipandishiwa bei au alipewa mifuko mingi kuliko shamba lake.

Tatu, bei mbili kwa kila pembejeo: bei ya duka la mjini siku ya kununua, na bei ambayo chama kilikubaliana na msambazaji. Tukinunua kwa pamoja tunatarajia kupata unafuu. Kama bei ya chama imezidi ya dukani, mwanachama aione mwenyewe na aulize katika mkutano mkuu.

Nne, fedha na kiwango cha kubadilisha. Kwa miaka mingi bei ya tumbaku imekuwa ikipangwa kwa dola huku mkulima akinunua chumvi na daftari za watoto kwa shilingi. Pale panapokuwa na dola, karatasi itaje kiwango kilichotumika na tarehe yake, wakati wa kukopa na wakati wa kulipa.

Tano, deni ni la nani. Hili ndilo lenye uchungu kuliko yote. Katika vyama vingi mkopo wa pembejeo umekuwa ukichukuliwa kwa jina la chama, na dhamana ni tumbaku ya wanachama wote. Mmoja akitorosha tumbaku yake, au akipata hasara, pengo lake linazibwa na wenzake. Mkulima aliyefanya kazi yake vizuri anakuta fedha imepungua asijue ni deni lake la msimu huu, deni lake la nyuma, au deni la jirani. Haya ni mafungu matatu tofauti na yakae kwenye mistari mitatu tofauti. Anayelipa deni la mwenzake ana haki ya kujua kwamba analilipa, ili kesho chama kikiokoa fedha hiyo arudishiwe.

Sita, hesabu ya mwisho kwa kilo. Chini ya karatasi iandikwe: jumla ya makato gawanya kwa kilo zilizouzwa. Namba hiyo moja ndiyo itakayomwezesha kaka wa Sikonge kuzungumza na mdogo wake wa Kaliua.

Faida yake haitakuwa ya mazungumzo tu. Chukua ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kisheria anayetakiwa kuulipa ni mnunuzi. Ukiwa umeandikwa peke yake, mkulima anayeukuta kwenye makato yake atauliza swali siku hiyohiyo. Ukiwa umelala ndani ya “makato mengine”, hatajua hata kwamba kuna swali la kuuliza.

Wafanyabiashara wadogo nao wasikae pembeni. Mama anayenunua karanga au mpunga Igunga na Nzega, au kijana anayepeleka asali ya Sikonge hadi Dar es Salaam, wana shida ileile. Mwenye lori anatoza kwa gunia, wapagazi kwa mzigo, mwenye ghala kwa mwezi, na huko sokoni ananunua kwa debe. Akiongeza lumbesa, gunia halijulikani tena ni kilo ngapi. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukilipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Ushauri wangu kwa mfanyabiashara ni mfupi: kila gharama igeuze iwe shilingi kwa kilo kabla hujaiandika. Ukifanya hivyo kwa misimu miwili utajua ni njia ipi na soko lipi linakulipa, na lipi unalolifuata kwa mazoea tu.

Najua yapo maneno ya kupinga. Wapo watakaosema kila chama kina mazingira yake. Ni kweli, na fomu moja haiwakatazi kuwa na bei tofauti. Ndiyo itakayoonyesha tofauti hizo na sababu zake. Chama kilicho mbali na barabara kitaonekana kina usafiri mkubwa, na hapo viongozi wake watakuwa na hoja ya kuipelekea halmashauri.

Wapo watakaosema wakulima wengi hawasomi karatasi. Jibu langu ni kwamba karatasi yenye mistari minne isiyoeleza kitu haina cha kusomwa. Mkulima wa tumbaku anajua daraja la jani kwa kulishika na kulitazama. Mtu wa namna hiyo hashindwi na safu sita ambazo hazibadiliki kila msimu. Na kwenye kila nyumba siku hizi hakosekani mtoto wa sekondari wa kumsomea babu yake.

Wapo watakaosema bei za makubaliano ni siri ya biashara. Siri kwa nani? Fedha inayolipa ni ya mwanachama. Mtu hawezi kufichwa bei ya kitu alichokinunua mwenyewe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba fomu haizuii wizi. Nakubali. Karani asiye mwaminifu anaweza kujaza uongo katika fomu nzuri. Lakini uongo ulioandikwa kwa idadi, bei na tarehe una mahali pa kushikwa. Mkaguzi wa COASCO akikuta vyama kumi vilivyonunua mbolea ya aina moja mwezi mmoja, na kimoja kina bei tofauti na vingine vyote, anajua pa kuanzia. Leo inambidi kwanza atafsiri madaftari kumi.

Kazi hii haihitaji sheria mpya. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, inasimamia vyama na ina mfumo wa kompyuta wa MUVU kwa kazi hiyo. Bodi ya Tumbaku inasimamia mikataba na masoko ya zao lenyewe. Taasisi hizi mbili, pamoja na wawakilishi wa wakulima, wasambazaji na benki, zinaweza kukaa Tabora kwa siku chache na kutoka na orodha moja ya majina na karatasi moja ya mfano. Muhimu ni kuanza na majina. Kompyuta ikilishwa “makato mengine” itatunza “makato mengine”, na haraka zaidi kuliko karani.

Wakati tukiwasubiri wakubwa, mkulima asikae mikono mitupu. Nunua daftari la kurasa 40. Siku unapochukua mbolea andika tarehe, aina, idadi ya mifuko na bei uliyoambiwa, na umwombe karani aweke saini. Andika pia ulicholipa taslimu: usafiri, vibarua, kamba. Siku ya malipo fika na daftari lako. Mkiwa wanachama watano mnaoandika kwa mtindo mmoja, mnatosha kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza kwa nini mfuko uleule una bei mbili.

Ndugu wale wawili niliwaachia kazi hiyo. Niliwachorea safu sita kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kila mmoja na lake, majina yaleyale juu ya kila safu. Tulikubaliana kukutana tena kwenye benchi lile baada ya masoko. Safari hiyo, mzee akiniuliza nani amelima kwa gharama nafuu, natumaini hatanihitaji nimjibu.